Ni kunguni au si kunguni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipele vya usiku hapa Goma

Mimi ni reko, mhamasishaji wa afya wa mtaa, upande wa Katoyi. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikizungumza habari za chandarua, chanjo na maji safi. Mara nyingi nikishafunga daftari langu, mama wa nyumba hunisindikiza mpaka njiani, hutazama nyuma kama kuna anayesikiliza, ndipo hukunja mkono wa nguo na kuniuliza: "Mama reko, hivi ni nini?" Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa njiani namna hiyo. Nimeyajibu kama ninavyowajibu majirani zangu.

Naamka na vipele vitatu vimepangana mstari mmoja. Si ndiyo kunguni hao?

Huenda ni wao, lakini kipele peke yake hakikuambii. Ngozi ikiumwa na mdudu inavimba kwa sababu ya mate aliyoyaacha, na uvimbe wa kunguni, wa mbu na wa kiroboto unafanana sana. Hata muuguzi mzoefu akitazama mkono wako hawezi kuapa. Ule mstari wa vitatu unaosemwa sana hutokea kwa kunguni, ni kweli, maana akisumbuliwa anapokula huchomoa, anasogea kidogo, anachoma tena. Ila viroboto nao hufanya hivyo, na mbu aliyenaswa ndani ya chandarua anaweza kukutoboa mara tano usiku mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba watu jambo moja kabla ya mengine yote: usitoe hata faranga moja, usichome kitu, usinyunyize kitu, mpaka umemwona mdudu mwenyewe au alama alizoziacha. Jibu liko kitandani.

Kwa nini mimi nimejaa vipele na mume wangu tunayelala naye hana hata kimoja?

Huenda wote wawili mnaumwa. Tofauti iko kwenye miili yenu. Kuna watu ambao kunguni huwanyonya kila usiku na ngozi yao haionyeshi chochote. Wengine huota kipele kidogo kinachopotea siku hiyo hiyo, na wengine huvimba kama wameumwa na nyuki. Wazee mara nyingi hawaonyeshi kitu, kisha wanasema vijana wanajidekeza. Papa mmoja alinibishia hivyo mbele ya mke wake. Tulipogeuza mto wake, foronya ilikuwa na madoa mengi kuliko ya mama.

Kuna jambo jingine linalopotosha hesabu. Mtu anayeumwa na kunguni kwa mara ya kwanza anaweza kukaa siku kadhaa, hata majuma mawili, kabla ngozi yake haijajibu. Unaona vipele Jumatatu, unamlaumu mgeni aliyelala kwako Jumapili, kumbe wameingia mapema zaidi. Nimeona undugu ukiharibika kwa hesabu hiyo mbaya.

Basi nitafute wapi, na nitafute nini hasa?

Chagua mchana wenye mwanga. Fungua dirisha. Shika tochi ya simu, kadi ngumu ya plastiki, karatasi nyeupe, na skochi (utepe wa gundi) ya kunasia utakachokipata. Toa watoto chumbani, maana kazi hii inataka utulivu.

Anza upande wa kichwa, kwa kuwa kunguni hufuata pumzi na joto la mtu. Toa shuka polepole, usiikung'ute. Fuata mshono unaozunguka godoro, uufungue kwa kucha kidogo kidogo, kama unavyotafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Geuza godoro, fuata mshono wa chini. Kisha nenda kwenye kitanda chenyewe. Vitanda vyetu vingi ni vya mbao za fundi wa mtaani, na vina vificho vingi: tundu la msumari, ufa uliopasuka pembeni, pale ubavu wa kitanda unapoingia kwenye mguu, chini ya chaga. Weka karatasi nyeupe chini, pitisha kadi ndani ya ufa ukiukwangua. Vinavyodondoka vitazame kwa tochi.

Mdudu aliyekomaa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, karibu punje ya dengu. Rangi yake ni wekundu wa kahawia, na kabla ya kula ni bapa kama aliyekanyagwa. Akishiba anarefuka na kujaa. Hana mabawa, haruki. Watoto wake ni weupe wa kufifia, wadogo kama kichwa cha pini, na karibu huwaoni mpaka wameshanyonya damu. Mayai ni meupe, ya milimita 1 hivi, yamegandishwa kwenye mbao au kitambaa, hayapukutiki ukipuliza. Kunguni hujivua ngozi mara tano kabla ya kukomaa, kwa hiyo utakuta pia maganda matupu yenye umbo lake, mepesi kama ganda la mtama.

Ila kinachoonekana kwanza katika nyumba nyingi ni madoa. Ni nukta nyeusi, mbili tatu au kundi zima, kama mtu aliyejaribu kalamu ya wino kwenye godoro. Hicho ni kinyesi chao, yaani damu yako iliyokwisha kusagwa. Lowesha kipande cha pamba, bonyeza juu ya nukta, usugue. Ikivuja wekundu wa kutu, umepata jibu. Kinyesi cha mende ni punje ngumu inayobanduka, lakini cha kunguni kimezama ndani ya kitambaa.

Usiishie kitandani. Zungukia mita mbili kila upande. Katika nyumba zetu za mbao, ambazo ndani tumebandika makaratasi na katoni ili upepo usipite, ukuta wenyewe ni kiota. Angalia mikunjo ya rido (pazia), nyuma ya picha, chini ya meza ndogo, ndani ya mfuniko wa swichi ya umeme (zima umeme kwanza). Nyumba moja ya Mabanga nilikwangua kitanda saa nzima bila kupata kitu, hata mama mwenyewe akaanza kuniangalia kwa mashaka. Nilipobandua kalenda ya kanisa iliyokuwa juu ya kichwa cha kitanda, walikuwa nyuma yake, kumi na kitu, wamebanana ndani ya mkunjo wa juu, pamoja na mayai na maganda.

Nimetafuta kila mahali, sikuona hata mmoja, na bado ninaumwa. Nifanye nini?

Wakiwa wachache hawaonekani kirahisi. Hapo badala ya kuwafuata, waache wakufuate.

Njia ya kwanza ni kuamka. Kunguni hula usiku wa manane kuelekea alfajiri, na mlo wake mmoja huchukua dakika tano hadi kumi. Weka kengele ya simu saa tisa usiku, washa tochi ghafla, tazama mashuka, mto, na ukuta wa upande wa kichwa. Shuka nyeupe hurahisisha kazi. Ifanye siku tatu mfululizo.

Njia ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi. Tafuta vyombo vinane vya plastiki laini, vinne vipana na vinne vyembamba vinavyoingia ndani ya vile vipana. Weka kidogo ndani ya kikubwa, na mguu wa kitanda ndani ya kidogo. Kitanda kikiwa kizito, tanguliza kipande cha ubao ndani ili chombo kisipasuke. Kile kikubwa kizungushie kitambaa kwa nje, ili kunguni apate pa kushika akipanda. Kwa ndani paka poda ya mtoto, nyembamba tu. Anayetoka ukutani kukufuata anapanda kitambaa, anaangukia kwenye nafasi kati ya vyombo viwili, anateleza, hawezi kutoka. Sogeza kitanda mbali na ukuta, kisiguse hata kidogo, na blanketi lisiburute chini, maana akipata daraja hatapita kwenye vyombo. Tazama kila asubuhi kwa majuma mawili.

Ukilala kwenye godoro lililowekwa chini, kama wengi wetu, vyombo havitakusaidia. Tandika shuka nyeupe, ukague mishono yote minne kila baada ya siku tatu, na mwanzo wa ukuta pale unapogusa sakafu.

Majuma mawili yakipita bila doa, bila ganda, bila mdudu chomboni, anza kumshuku mwingine.

Nani mwingine anaweza kuwa ananiuma?

Mbu kwanza. Kipele chake huota ndani ya dakika chache na mara nyingi hupungua siku moja au mbili baadaye, wakati cha kunguni kinaweza kuchelewa, kisha kikakaa juma zima au zaidi. Na mbu unamsikia.

Viroboto hupenda miguu, kutoka kifundo mpaka chini ya goti, na wanauma hata mchana. Kama una mbwa, paka au panya darini, waanze kuwashuku. Jaribio lake ni jepesi: vaa soksi nyeupe ndefu, tembea chumbani na kando ya malazi, kisha tazama soksi. Au usiku weka beseni pana la maji yenye sabuni sakafuni, na taa ya sola juu yake. Viroboto huruka kufuata mwanga na joto, na asubuhi utawakuta wamezama. Usitumie mshumaa ndani ya nyumba ya mbao, tafadhali. Panya wakianza kufa ovyo ndani ya nyumba au mtaani, hilo lipeleke kituo cha afya haraka, kwa kuwa viroboto vya panya ndivyo vinavyobeba tauni, na watu wa jimbo la Ituri wanaijua miaka mingi.

Ukifuga kuku karibu na dirisha au ndani, kuna utitiri. Ni vidudu vidogo mno vinavyotembea mwilini kama vumbi linalowasha. Hao dawa yao ni kuhamisha na kusafisha banda.

Chawa wa mwili haishi kitandani, anaishi kwenye mshono wa nguo. Vipele vikiwa kiunoni, mabegani na kwapani, mahali nguo inapobana, geuza nguo ndani nje uitazame.

Papasi nao wapo, wale kupe wa ngozi laini wanaojificha kwenye sakafu ya udongo na nyufa za kuta za udongo, wakatoka usiku kama kunguni. Huyu tusimfanyie mchezo, kwa kuwa anaambukiza homa inayokuja, inaondoka, inarudi. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton aliichunguza homa hiyo nchini kwetu, ikamuua huko Kasongo mwaka 1905. Aliyelala kwenye nyumba ya udongo kijijini kisha akapata homa ya namna hiyo, amweleze muuguzi alikolala.

Wa mwisho ndiye anayewadanganya watu kuliko wote: upele, ambao kwenye vituo vya afya huandikwa kwa Kifaransa gale. Huwasha zaidi usiku, hivyo kila mtu hudhani ni kitanda. Lakini mdudu wake amechimba ndani ya ngozi yenyewe. Tazama katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, na kwa watoto wachanga viganjani na kwenye nyayo. Watu kadhaa wa nyumba moja wakijikuna hivyo, na kuwashwa hakupungui hata mkilala kwingine, nendeni kituo cha afya. Dawa ipo, ila ni lazima wote wa nyumba wapakwe siku moja, hata wasiowashwa. Nimewaona waliotupa godoro zima kwa sababu ya upele, wakaendelea kujikuna kwenye godoro jipya.

Je, inaweza kuwa mpox?

Ninaulizwa hili kwa sauti ya hofu, na nawaelewa. Aina mpya ya virusi vya ugonjwa huo iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, Septemba 2023. Mtaani kwetu tuliona majirani wakipelekwa kutengwa, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura.

Mpox kwa kawaida huja na homa, uchovu, na tezi zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Vidonda vyake huuma, hujaa maji kisha usaha, halafu hukauka na kufanya magamba, na vinaweza kutoka usoni, viganjani, kwenye nyayo na sehemu za siri. Kipele cha kunguni huwasha kuliko kuuma, hakina homa, na hakijai usaha isipokuwa umekikuna kwa kucha chafu. Ukiona usaha pamoja na homa, usikae nyumbani ukitafuta kunguni. Nenda ukaonekane.

Kunguni wanaambukiza malaria? UKIMWI?

Hapana. Malaria inaletwa na mbu, na UKIMWI haupiti kwa kunguni. Mpaka leo hakuna ugonjwa uliothibitishwa kuwa kunguni anamwambukiza binadamu kwa kumuuma. Anachoondoa ni usingizi, na mtoto asiyelala vizuri mwezi mzima unamwona hata shuleni.

Ni kweli wanaingia kwa watu wachafu?

Si kweli, na neno hilo limewaumiza watu wengi. Kunguni anatafuta damu, na damu yangu haina tofauti na ya mwenye nyumba ya matofali ya mtaa wa Himbi. Vitu vikiwa vingi na vimerundikana, anapata pa kujificha zaidi, basi, lakini vurugu hizo hazimwiti.

Walifika kwangu pia. Mwaka 2021, volkeno yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei, na siku chache baadaye tukaamriwa kutoka mjini, tulikwenda Sake na godoro moja kichwani. Tulilala darasani, familia nyingi, godoro likigusa godoro. Tuliporudi nilifua kila kitu, nilifagia majivu, nilipiga deki. Hata hivyo kabla mwezi haujaisha binti yangu alianza kuamka na shingo imevimba. Nilikaa majuma matatu bila kumwambia mtu yeyote, mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wasifiche. Katika majuma hayo matatu walihama kitanda kimoja mpaka vyote viwili.

Kama si uchafu, wametoka wapi?

Wanasafiri na vitu. Godoro la mtumba, kitanda cha kununua kwa mtu, kiti cha sponji kilichookotwa, mzigo wa nguo za mitumba kutoka soko la Virunga, begi lililowekwa chini kwenye meli ya usiku kati ya Goma na Bukavu, mgeni wa msiba aliyekuja na blanketi lake. Na jirani: ukuta wa mbao unaowatenganisha una nafasi ya kutosha kupitisha kunguni mia. Siku hizi, watu wanapohamahama kwa sababu ya vita na kulala walipopokelewa, hakuna wa kulaumiwa.

Si bora nichome kitanda na godoro, nimalizane na hii shida?

Usichome. Waliokuwa kwenye kalenda, rido na ukuta watakaa wakusubiri, maana kunguni anaweza kuishi miezi kadhaa bila kula, hasa kwenye baridi ya hapa kwetu. Utanunua kingine kwa deni nao watahamia humo. Godoro ukilitupa nje bila kulikata, mtu mwingine ataliokota kabla ya jioni.

Wala usipake mafuta ya taa au petroli. Sihitaji kumweleza mtu wa Goma jinsi mtaa wa mbao unavyoshika moto.

Na ile dawa inayouzwa sokoni kwenye vichupa?

Hapa naomba unisikilize vizuri. Nilinunua kichupa hicho, bila karatasi, bila jina, aliyeniuzia akasema "piga kila mahali." Nilipiga godoro asubuhi, jioni tukalilalia. Usiku binti yangu alianza kutapika, macho yanatoa machozi, mate yanamtoka. Tulikesha kituo cha afya. Alipona, nashukuru Mungu. Kunguni walipungua siku kumi, kisha wakarudi, wadogo wadogo, kwa sababu mayai hayakufa.

Vichupa vingi vya namna hiyo ni sumu za mashambani, na baadhi huvuruga mishipa ya fahamu ya mtu kama zinavyovuruga ya mdudu. Zile za kopo la kupuliza, zenye jina, nyingi zina aina ya sumu ambayo kunguni wa sehemu nyingi za dunia wameshaizoea. Ukipuliza, wasiokufa hukimbilia ukutani, na kesho jirani yako ndiye anajikuna. Ukiamua kutumia dawa, iwe yenye maandishi unayoweza kuyasoma, ipulizwe kwenye nyufa tu, kamwe isipulizwe juu ya godoro, na watoto na vyombo vya chakula viwe nje.

Chandarua chenye dawa hakiwaui?

Mara nyingi hapana, kwa sababu hiyo hiyo ya kuzoea sumu. Wale wadogo hata hupenya matundu yake, na wakubwa hujificha kwenye mishono yake ya juu, kwa hiyo kikague. Watu wengine wakiona kunguni hawafi husema chandarua hakina kazi, wanakitumia kufunikia miche ya mboga. Tafadhali usifanye hivyo. Chandarua ni cha mbu, na mbu wa malaria ndiye anayeua watoto wetu.

Nimewaona, sasa nina hakika. Nianze na lipi?

Usihamie kulala chumba kingine. Watakufuata, na sasa utakuwa na vyumba viwili.

Silaha yetu ni joto. Kunguni na mayai yake hufa joto likipita nyuzi 50 na kuwafikia walipo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hayo yanatosha kabisa. Tia mashuka, nguo na vyandarua vya zamani visivyo na dawa kwenye mfuko ukiwa bado chumbani, ufunge, ndipo ubebe nje. Loweka kwenye maji ya moto kwa nusu saa kabla ya kufua. Kitanda kifungue vipande vyote, kitoe nje, ukimwagie maji yanayochemka kwenye kila kiungo na tundu la msumari, ukisugua kwa burashi ngumu. Watoto wasiwe karibu na babula (jiko la makaa). Kwenye mshono wa godoro la kitambaa cha pamba, pasi ya makaa husaidia, ila ipitishe juu ya kitambaa chenye unyevu na haraka, sponji isiyeyuke.

Jua peke yake halitoshi kwa godoro. Kuliweka juu ya mawe meusi ya volkeno mchana kutwa, kama tunavyoanika nguo, kunapasha joto juu tu; wa ndani hushuka upande wa kivuli.

Bandua makaratasi na katoni za ukuta wa chumba hicho, uvichome mbali na nyumba. Ziba matundu ya misumari, hata kwa kipande cha sabuni ukikosa kitu kingine. Godoro livike nailoni nzima na ufunge kila tundu kwa skochi, aliyebaki ndani afe njaa humo. Kisha rudisha kitanda juu ya vile vyombo vyake.

Rudia yote baada ya siku kumi, na tena baada ya siku kumi. Hapa ndipo watu wengi huchoka. Mayai hupasuka baada ya juma moja hivi, kukiwa baridi hata zaidi, kwa hiyo mara ya kwanza unaua wazazi, mara ya pili na ya tatu unaua watoto waliotoka baadaye.

Nimwambie bayeri (mwenye nyumba) na majirani?

Waambie, siku hiyo hiyo ukipata hakika. Peleka mdudu mwenyewe aliyenaswa kwenye skochi, maana mdudu hana mabishano. Kama mnashirikiana ukuta, fanyeni kazi siku moja, la sivyo mtarushiana wadudu mwaka mzima. Bayeri wengine hukasirika, wengine hutoa mbao mpya. Nimeona wote wawili.

Kuwashwa kunanizidi. Nipake nini?

Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, kata kucha za watoto. Farmasi watakupa losheni ya kalamini au dawa ya mzio. Nenda kituo cha afya kipele kikitoa usaha, kikiwa chekundu na cha moto kinachosambaa, au mtu akivimba uso na kupumua kwa shida. Ukiwa na homa, dai upimwe malaria kwanza, hata kama umejaa vipele.

Nitajuaje kwamba wamekwisha kabisa?

Kutoumwa si ushahidi, kwa sababu zile zile za mwanzo: ngozi huchelewa, na nyingine hainyanyuki kabisa. Hesabu majuma nane tangu siku uliyoona dalili ya mwisho: shuka halina doa jipya, mshono hauna ganda, chombo hakina mdudu. Ukimwona mmoja juma la sita, anza kuhesabu upya.

Kwangu ilichukua karibu miezi minne. Vile vyombo vinane bado viko chini ya kitanda cha binti yangu, na kila Jumamosi nikifagia ninapiga magoti na tochi, navitazama kimoja kimoja.